MUZIKI ULIOFUNGIWA STOO



Mwezi huu twaandika habari za shule, wala msiseme kwamba hiyo si kazi ya chama. Vishikwambi zaidi ya milioni moja vilivyogawiwa shule za msingi kuanzia mwaka 2016 vilinunuliwa kwa kodi yetu.

Wengi wetu twadhani ni vya kusoma na kuhesabu tu. Kumbe vyaweza kufundisha muziki. Iko programu ya Google iitwayo Song Maker, iliyotoka mwaka 2018, nayo haina malipo. Mtoto hugusa miraba kwenye kioo, na mara sauti hutoka. Akigusa juu sauti hupanda, akigusa chini hushuka, na wimbo alioutunga huuona umechorwa kwa rangi. Akikosea hachapwi, husikia mwenyewe akasahihisha.

Sisi tuliosoma misheni tulifundishwa do re mi kwa ubao na fimbo ya mwalimu. Kuimba tulijua sana. Lakini kinanda kilikuwa kimoja, tena kilifungwa kwa kufuli. Mmoja wetu alijaribu kukigusa, akajuta.

Basi tulipouliza katika mkutano wa wazazi wa shule moja, tuliambiwa vishikwambi vimo stoo, betri zimekufa, intaneti hakuna, na mwalimu hajaonyeshwa kitu. Sisi watu wa reli twalijua jambo hili. Kabla ya treni ya SGR kuanza mwaka 2017, baadhi ya madereva Wakenya walipelekwa China kusoma kwanza. Hakuna aliyepewa injini akaambiwa, Haya, endesha. Mbona mwalimu afanyiwe hivyo? Wala asitishwe kwamba mashine itamnyang'anya kazi. Mashine haimwoni mtoto wa nyuma asiyeimba.

Jambo jingine latuudhi. Kinanda cha kioo kimepimwa kwa sauti za piano. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane, na mpigaji huzikaza kwa sikio lake, afuate sauti ya kuimba kwake. Mtoto aliyezoea kioo peke yake ataona nyatiti ya babu yake ina makosa! Afadhali mzee aitwe darasani apige, kishikwambi kinase sauti yake, kisha watoto wazilinganishe.

Mkutano wa wazazi ukiitwa muhula ujao, nendeni. Ulizeni ufunguo wa stoo uko kwa nani.