Korona ya Mnazi ni kiwanda, si shamba

Ukitaja Lushoto, wengi huwaza baridi, kabichi na watalii. Mnazi nayo ni Lushoto, ila iko chini, kwenye tambarare la joto kuelekea mpaka wa Kenya, na huko zao ni mkonga. Majani hukatwa, hufungwa matita ya majani thelathini thelathini na kupelekwa korona, yaani mtambo wa kutoa singa. Mashine huyaponda, maji huiosha singa, na utomvu humwasha ngozi anayelisha mashine kwa mikono mitupu. Singa ikikauka huingia kwenye brashi, na hapo mtu huvuta vumbi zamu nzima. Utafiti wa viwanda vya mkonga nchini uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kikohozi na chafya vimeenea kwa watu wa korona na brashi.

Mahali hapo ni kiwanda. Sasa tutazame malipo. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 140,000 kwa mwezi kwenye kilimo, na 150,000 kwenye viwanda. Anayelisha korona yuko fungu lipi? Tofauti ilikuwa 120,000 kwa mwaka, fedha ya sare na madaftari ya watoto. Viwango vitapanda na kupanda tena, lakini swali la fungu litabaki mpaka lijibiwe.

Baya zaidi ni ukibarua usiokwisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka na siku 84 za uzazi. Haki hizo humfaa mwenye karatasi mkononi. Anayeitwa kibarua mwaka wa tano mfululizo, kwa kazi ile ile, atadai likizo kwa ushahidi gani? Na akikatwa vidole ilhali mwajiri hajamsajili popote, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi utamjulia wapi?

Madai haya si mapya chini ya milima ya Lushoto. Mwaka 1958 wafanyakazi wa mkonga wa Mazinde waligoma, mkoloni akiwapo. Mwaka 1963, tayari tuna bendera yetu, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, Victor Mkello, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia kwamba uhuru peke yake ulimaliza shauri la manamba, vibarua wa mashamba.

Msimamo wetu ni huu. Waziri mwenye dhamana ya kazi atamke kwa maandishi kwamba korona, brashi na ufungaji wa marobota ni kazi za kiwanda, na zilipwe hivyo. Malipo ya kipimo cha kazi yasimshushe yeyote chini ya kima cha chini. Wakala wa usalama mahali pa kazi, OSHA, na maofisa kazi wa Tanga washuke Mnazi bila kupiga simu kwanza, wakague glavu, barakoa na mikataba. Mwajiri atakayeshindwa kuonyesha mikataba hiyo afikishwe mahakamani.