Maoni Yetu: Mgonjwa wa kiharusi apigwe picha kwanza

Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea na maneno yakagoma kutoka, nyumba nyingi huanza na mafuta ya kuchua. Wengine humpa aspirini, wengine humlaza wakisubiri kupambazuke. Mgonjwa huyo anahitaji picha ya ubongo, na anaihitaji saa hiyohiyo.

Huenda mshipa umepasuka na damu inavuja, au umezibwa na donge la damu. Kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha kwa uhakika, na dawa ya kuyeyusha donge akipewa anayevuja damu yaweza kumuua. CT-Scan hutoa jibu kwa dakika chache.

Daktari mwenye jicho zuri huona zaidi ya hapo. Donge lililosheheni chembe nyekundu za damu mara nyingi huonekana kama uzi mweupe ndani ya mshipa mkubwa wa kati wa ubongo, upande mmoja tu. Lenye faibrini na chembe sahani kwa wingi huenda lisionekane kabisa, nalo ndilo huwa sugu zaidi. Kwa hiyo kukosekana kwa weupe huo si ruhusa ya kumrudisha mtu nyumbani. Urefu nao una uzito: mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba donge linalozidi milimita 8 ni nadra kuyeyushwa na dawa ya mshipani peke yake. Huyo anahitaji kuvutwa donge kwa mrija mwembamba, pale huduma hiyo ilipo.

Kisha kuna mwendo wa damu yenyewe. Kila gramu 100 za ubongo hupata takriban mililita 50 za damu kwa dakika. Zikishuka chini ya 20, seli huacha kazi lakini bado zi hai. Chini ya 10, hufa upesi. Eneo lililo katikati ya viwango hivyo ndilo la kuokolewa, na vinavyolishikilia ni vijishipa vya pembeni, ambavyo watu hatukujaliwa sawa. Ndiyo maana mwaka 2018 utafiti wa DAWN, uliowachagua wagonjwa kwa kutazama picha, ulionyesha kwamba kuvuta donge kunaweza kusaidia baadhi yao hata saa 24 baada ya kuonekana wazima.

Hicho kisiwe kisingizio cha kuchelewa. Dirisha la dawa ya kuyeyusha kwa kawaida ni saa nne na nusu, na mshipa mkubwa ukiziba, kwa wastani seli za neva milioni 1.9 hupotea kila dakika.

Hospitali yenye mashine haina sababu ya kumzuia mgonjwa huyu kwenye dirisha la malipo. Apite mbele ya foleni, na pale inapowezekana achomwe dawa inayong'arisha mishipa palepale mezani, ionekane ilikoziba. Malipo yafuate.

Nawe uliye nyumbani, andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, usimpe chochote mdomoni, na mpeleke penye CT-Scan usiku huohuo.