Nambari ya Mgonjwa si Mali ya Tabibu

Tarehe 1 Novemba 1870 mfuko wa barua za Dakta Livingstone ulitoka Unguja kwenda Ujiji. Ulichelewa Bagamoyo, ukapanda bara na msafara, ukakwama tena Unyanyembe, jirani na Tabora, hadi Stanley alipoukuta mwaka 1871 na kuufikisha kwa mwenyewe. Mwaka mzima ulipita njiani. Jina lililoandikwa juu ya mfuko ule lilikuwa na kazi moja tu, kumfikia aliyeandikiwa. Halikuwa ruhusa kwa kila aliyelisoma kumwendea Livingstone kwa haja zake.

Leo kando ya njia hiyo hiyo ya misafara zipo zahanati na hospitali, na mgonjwa wa Tabora, Sikonge au Urambo afikapo dirishani huulizwa jina, mtaa na nambari ya simu. Hutaja kwa sauti ya juu, maana karani yuko nyuma ya kioo na foleni iko mgongoni. Hakuna amwambiaye nambari hiyo itatumiwa na nani, wala kwa lipi. Naye haulizi, kwani mwenye homa hana nguvu ya kufanya mapatano.

Hapo ndipo baadhi ya matabibu wanapojisahau. Nambari iliyotolewa kwa ajili ya majibu ya maabara haimpi daktari haki ya kuipeleka kwenye duka lake la dawa, kumpigia mgonjwa mchango wa harusi, kumtongoza binti aliyekuja kupimwa, au kumkabidhi mtafiti asiyejulikana. Watasema: tunawapigia ili wasikatize dozi. Ni kweli, na simu ya namna hiyo imeokoa roho nyingi. Mwenye akili haipingi. Lakini simu hiyo nayo ina adabu yake. Nyumba nyingi simu ni moja. Nambari iliyoandikwa ni ya mume, au ya shemeji, au ya jirani mwenye umeme. Mpigaji akitaja kliniki tu, bila kutaja maradhi, amekwisha kusema yote.

Kadi ya wanaotumia dawa za VVU, ile CTC2 inayobaki kliniki, imekuwa na nafasi ya jina la mjumbe wa nyumba kumi. Aliyeibuni alikuwa na nia njema: mgonjwa akipotea, apatikane. Ila kila aishiye mtaani anamjua mjumbe ni nani, na anajua habari hutembea vipi baina ya barazani kwake na kisimani.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 imeamuru majibu ya kipimo yawe siri. Vema. Lakini majibu yanaweza kufungiwa kabatini na siri bado ikatoka kwa mlango wa simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwenda mbali zaidi: taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisitumiwe kwa jingine. Wangapi katika wanaokaa madirishani wameisoma?

Asidhani mtu kuwa hofu hii ni ya washairi wasio na kazi. Nchini Kenya, mwezi Februari 2015, Rais aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na walezi wao, na za kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi hivyo. Dai lilikuwa lile lile, kuwasaidia. Mahakama Kuu, Desemba 2016, ikaona agizo lile limevunja haki ya faragha, ikaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yafichwe kwa alama. Serikali nzima iliambiwa kwamba wema wa nia hautoshi. Daktari mmoja mwenye simu mfukoni ataambiwa nini?

Basi na aulizwe mgonjwa, pale pale dirishani na kwa sauti ya chini: simu hii ni ya nani? Tukipiga, tujitambulishe vipi? Akipokea mtu mwingine, tukate? Majibu hayo matatu yaandikwe kadini, pale lilipoandikwa jina la mjumbe. Hayahitaji fedha za wafadhili, wala mashine; yanahitaji kalamu, na karani aliyefundishwa kunyamaza.