Familia za askari walio ng'ambo na amana ya habari



Ndugu zangu Waislamu, watu wa kisiwa cha Mafia hawahitaji kufundishwa maana ya kungoja. Tangu enzi za mababu, wanaume wa visiwa hivi wamekuwa wakiaga nyumbani kwenda dago, wakikaa wiki na pengine miezi katika fukwe za mbali wakifuata samaki. Mke wa mvuvi huijua kalenda ya kungoja kwake. Anajua bamvua na maji mafu, anajua kaskazi na kusi. Kusi likivuma kwa nguvu hushukuru kwamba chombo hakikutoka, na bahari ikitulia huanza kutazama upeo wa macho.

Lakini ipo namna nyingine ya kungoja ambayo haina kalenda ya upepo. Nayo ni ya mama, mke na watoto wa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania aliyepelekwa kulinda amani katika nchi za mbali. Jeshi letu ni la taifa zima, na vijana wake hutoka katika kila pembe ya nchi, mijini, vijijini na visiwani. Mwezi Machi 2008 baadhi yao walivuka bahari hii hii yetu kwenda Anjouan katika Visiwa vya Komoro. Wengine walikwenda Darfur, Sudan, katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika uliofungwa mwisho wa mwaka 2020. Wengine wamehudumu Lebanon na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Na tangu mwaka 2013, Baraza la Usalama lilipopitisha azimio namba 2098 la kuunda brigedi ya kuingilia kati, vijana wetu wamekuwa mashariki mwa Kongo, katika misitu ya Beni na vitongoji vyake.

Swali la Ijumaa ya leo ni hili: familia iliyobaki nyumbani na askari aliye mbali wana haki gani na wajibu gani katika kupashana habari? Na sisi majirani tuna sehemu gani katika jambo hilo? Rai yetu ni kwamba habari baina ya askari na nyumba yake ni amana. Ni amana kwake, ni amana kwa watu wake, na ni amana kwa mtaa mzima.

Tuanze na haki. Uislamu haukuuchukulia utengano wa mtu na watu wake kuwa jambo dogo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba safari ni sehemu ya adhabu, na kwamba msafiri akimaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), alipokuwa akizunguka Madina usiku, alimsikia mwanamke akilalamikia upweke kwa sababu mumewe yuko jeshini. Khalifa hakumkaripia mwanamke yule. Alikwenda kumuuliza binti yake, Bibi Hafsa (R.A.), mke anaweza kuvumilia muda gani bila mumewe, kisha akaweka mpaka wa muda wa askari kukaa mbali na nyumbani. Zipo riwaya zinazotaja miezi minne na nyingine miezi sita.

Tazama hekima hiyo, ndugu msomaji. Kiongozi wa dola kubwa, mwenye majeshi Sham, Iraq na Misri, alibadili utaratibu wa jeshi lake kwa sababu ya kilio cha mwanamke mmoja. Leo kikosi cha kulinda amani aghalabu hukaa ugenini kwa mwaka mmoja hivi. Mwaka ni mrefu kuliko mpaka ule wa Sayyidna Umar. Ikiwa mwili hauwezi kurudi kwa wakati, basi angalau sauti irudi. Simu ya askari kwa mkewe na kwa mama yake isihesabiwe kuwa anasa ya mwenye salio. Hiyo ni sehemu ya haki ya nyumba.

Wazee wetu hawakuipata neema hii. Vijana wa Tanganyika waliochukuliwa katika kikosi cha King's African Rifles na kupelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili waliandika barua, au waliandikiwa na wenzao waliojua kusoma. Barua hizo zilipita mikononi mwa wakaguzi, zikavuka bahari, na zilipofika nyumbani zilikuwa zimekwisha zeeka. Hata katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nyumba nyingi zilikusanyika penye Radio Tanzania Dar es Salaam kusikia majeshi yamefika wapi, bila kujua mtoto wao yuko katika kundi lipi. Leo mama aliye Kilindoni anaweza kuiona sura ya mwanawe aliye Beni kwenye kioo cha simu. Alhamdulillah. Lakini kila neema ina hesabu yake, na neema hii ina matumizi mabaya yanayoumiza.

Ubaya wa kwanza ni wa ulimi unaoponyoka kwa mapenzi. Askari hupewa maelekezo ya kutotaja mahali alipo, idadi ya wenzake au siku ya kuondoka. Mke anauliza kwa nia njema: mpo wapi sasa, mtahama lini? Naye mume, kwa kumhurumia, anajibu. Kesho mtoto anaituma picha ya baba na gari la deraya kwenye kundi la WhatsApp la familia, na keshokutwa iko kwa watu asiowajua. Tukumbuke kisa cha Hatib bin Abi Balta'a (R.A.), sahaba aliyepigana Badr. Kabla ya kufunguliwa Makka aliandika barua ya siri kuwaarifu Maquraishi kwamba jeshi linakuja. Hakuwa mnafiki. Alihofia tu watu wake waliokuwa Makka bila mtetezi. Barua ile ilikamatwa njiani ikiwa imefichwa na mwanamke, na mwanzo wa Surat Al-Mumtahana ukateremka kwa sababu yake. Mtume (S.A.W.) aliupokea udhuru wake, lakini funzo limebaki: mapenzi ya nyumba yanaweza kuhatarisha jeshi zima. Basi familia isimuulize askari asichoruhusiwa kusema. Yako mengi ya kuzungumza. Muulize amekula nini, amelala vipi, anasali na nani. Mweleze minazi imezaa kiasi gani, nani ameoa, mtoto amefika juzuu ya ngapi.

Ubaya wa pili ni wa simu kugeuzwa dirisha la fedha. Zipo nyumba ambazo askari akipiga, neno la kwanza ni ada ya shule, la pili ni bati la kuezekea, la tatu ni deni la shemeji. Mtu aliyekesha lindoni anakata simu akiwa na mzigo kuliko aliokuwa nao. Hatusemi afichwe mambo ya nyumba yake. Yeye ndiye mchunga wa nyumba hiyo na ataulizwa juu yake. Lakini mambo ya fedha yatengewe siku yake, na siku nyingine ziwe za kusikilizana tu. Vilevile askari asimpigie mke pekee akamsahau mama. Kikongwe asiyejua kubonyeza simu ana haki ya kuisikia sauti ya mwanawe, na mjukuu au jirani anayempelekea simu hiyo anafanya ibada.

Ubaya wa tatu ni kukosa utaratibu. Askari akipiga leo mara tano, kisha akanyamaza siku kumi, nyumba haitalala. Ni bora wapatane siku na saa. Bangui iko nyuma ya saa zetu kwa saa mbili, na Beni kwa saa moja. Hivyo baada ya Isha ya huku, kule bado ni mapema. Kubwa zaidi, wapatane pia juu ya maana ya kimya. Aseme kabla hajaondoka: "Mkiona kimya, jueni niko kazini au mtandao umekatika, msinizike kwa kimya." Kimya kina sababu nyingi. Mwezi Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mawasiliano ya mji yalivurugika. Wakati huo wanajeshi wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini walikuwa huko chini ya ujumbe wa SADC, ambao ulikatizwa Machi mwaka huo. Kutopatikana kwa simu katika siku kama zile hakukuwa dalili ya kifo. Sisi wa Mafia tunalielewa hili, kwa maana boti ikichelewa kutoka Nyamisati hatutandiki matanga.

Sasa tufike kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni habari ya msiba. Tarehe 13 Julai 2013, katika siku za mwanzo za mwezi wa Ramadhani, walinzi wa amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur kwa shambulio la kuvizia na wengine 17 wakajeruhiwa. Jioni ya Alhamisi tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinzi wa amani ya Semuliki, katika wilaya ya Beni, ilishambuliwa na watu waliodhaniwa kuwa waasi wa ADF. Ijumaa yake dunia ilitangaziwa kwamba askari 14 wa Tanzania wameuawa. Idadi hiyo baadaye ilifika 15, na majeruhi walizidi 40. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alilitaja kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinzi wa amani katika historia ya karibuni.

Hebu tafakari Ijumaa ile. Idadi ilitangulia, majina hayakuwa yametolewa. Kuanzia saa hiyo kila nyumba yenye mtu katika kikosi kile ilikuwa nyumba ya msiba, mpaka sauti ya mtu wao isikike. Katika saa kama hizo, anayesambaza orodha ya majina asiyojua ilikotoka, au picha ya maiti aliyoipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu, anafanya nini? Anamuua mtu mbele ya mama yake kabla Mwenyezi Mungu hajamchukua. Na ikiwa kweli amechukuliwa, amemnyang'anya mama yule haki ya kuambiwa kwa heshima. Surat Al-Hujurat imetuamrisha kuichunguza habari inayoletwa na mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Surat An-Nisaa nayo imewalaumu wale ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza, badala ya kulirejesha kwa wenye mamlaka na ujuzi. Aya hizi zimeteremka kabla ya simu, lakini ni kama zimeteremka kwa ajili ya simu.

Na namna ya kuifikisha habari tumefundishwa na Mtume mwenyewe (S.A.W.). Mwaka wa nane Hijria, Ja'far bin Abi Talib (R.A.) aliuawa Mu'ta, mbali sana na Madina. Mtume hakuiacha habari ikamfikie mjane njiani. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Asma bint Umais (R.A.), akamkuta amekanda unga na amewaosha watoto. Akawaita watoto wale, akawakumbatia, macho yakamtoka machozi. Asma akafahamu, akauliza, naye akamweleza. Kisha akaagiza watu waipikie chakula familia ya Ja'far, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Hapo pana mambo matatu: habari imeletwa na mtu, imeletwa kwa huruma, na imefuatwa na msaada.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa Mafia, na kwa kila mahali penye familia za askari. Kwanza, jeshi na uongozi wa wilaya wawape wenye familia mtu mmoja anayejulikana, mwenye simu inayopatikana, wa kumuuliza zinapovuma habari. Familia iliyo ng'ambo ya maji haiwezi kwenda kambini Dar es Salaam kuulizia jambo, na bahari ikichafuka haiwezi hata kufika Nyamisati. Pili, kamati za misikiti zizijue nyumba hizi. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba anayewaangalia vyema watu wa aliyekwenda jihadi ni kama naye amekwenda. Aliyekwenda kuzuia raia wasichinjwe, watu wake nao wanastahiki kuangaliwa kwa moyo huo huo. Tatu, kila mmoja wetu aweke nia kwamba habari ya kifo cha mtu haitapita katika simu yake kabla haijapita katika mlango wa wazazi wake.

Kwa askari mwenyewe tunasema neno moja. Siku ya kurudi ikifika, waarifu watu wako. Mtume (S.A.W.) aliwakataza waliokaa safarini muda mrefu wasiwavamie watu wao usiku bila taarifa. Nyumba iliyokungoja mwaka mzima ina haki ya kujipamba kwa ajili yako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awalinde walio mbali, awape subira walio nyumbani, awarehemu waliotangulia, na azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu visiwaumize wanaongoja. Amin.

Wabillahi tawfiq.