VILABU VYA BANGI: FAIDA YA NANI, HASARA YA NANI?

Katika Afrika ya Kusini limezuka jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu watalicheka, na wengine watalichukia kabla ya kulisikia. Watu wanadai waruhusiwe kufungua vilabu vya kuvutia bangi, mtu aingie, akae na wenzake, avute, kisha aende zake, kama vile watu waingiavyo katika vilabu vya pombe. Sisi twasema jambo hili si la kuchekwa wala la kutukanwa. Lafaa lipimwe, kwani ndani yake mna haki ya mtu mnyonge, na mna mtego pia wa kumnasa mnyonge huyo huyo.

Tuanze na sheria. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahkama ya Katiba ya nchi ile, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo, ilisema kwamba mtu mzima asiadhibiwe kwa kutumia bangi, kwa kuwa nayo, wala kwa kuipanda kwa matumizi yake mwenyewe mahali pa faragha. Miongoni mwa waliodai haki hiyo alikuwa Gareth Prince, Rasta aliyesomea sheria akazuiwa kuwa wakili kwa sababu ya bangi, na ambaye mwaka 2002 alikwisha kushindwa katika mahkama hiyo hiyo. Tarehe 28 Mei 2024 Rais Cyril Ramaphosa alitia sahihi sheria iliyofuata hukumu ile. Lakini sheria hiyo haikuruhusu biashara ya bangi ya starehe. Kilabu kimoja cha Cape Town, kilichokuwa kikiwalimia wanachama wake mimea yao, kilikwenda Mahkama Kuu ya Western Cape kutaka kitambuliwe kuwa halali, na mwaka 2022 kikashindwa.

Sasa na tuulize: haki hii ya faragha ni haki ya nani? Mwenye nyumba kubwa, yenye ua na ukuta, anapanda miche yake nyuma ya nyumba, anavuta barazani kwake, na hakuna askari wa kumsumbua. Lakini mpangaji wa chumba kimoja katika vitongoji vya Johannesburg, anayelala chumba hicho pamoja na mke na watoto, faragha yake iko wapi? Akivuta ndani anawavutisha watoto moshi. Akitoka nje yuko hadharani, naye polisi anamngoja. Mwenye kibanda cha mabati, kibarua wa bweni, mtumishi wa nyumbani alalaye kwa bwana wake, hao wote sheria imewapa haki wasiyo na mahali pa kuitumia. Haki inayomtaka mtu kwanza awe na ua na ukuta, hiyo ni haki ya matajiri hata ikiandikwa kwa jina la watu wote.

Hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya wanaotaka vilabu, nayo ni hoja nzito. Ya pili ni kwamba vilabu tayari vipo. Katika miji mikubwa ya nchi ile maduka na vilabu vinavyojiita vya watu binafsi vimefunguliwa mchana kweupe, na polisi huvivamia leo na kuviacha kesho. Hali kama hiyo huzaa rushwa. Kilabu chenye leseni kinaweza kukaguliwa. Mlangoni mtu ataulizwa umri wake, bidhaa itapimwa nguvu na usafi, na kodi italipwa. Ya tatu ni ya wakulima. Watu wa Mpondoland, upande wa Eastern Cape, wameilima bangi kwa vizazi vingi, na kabla ya hukumu ya 2018 helikopta za polisi zilikuwa zikipita juu ya mashamba yao na kunyunyiza sumu ya kuua mimea. Leo leseni za kulima bangi ya dawa ya kuuza ng'ambo zinatolewa, lakini masharti yake yanahitaji mtaji ambao mkulima wa kijijini hana. Vilabu vya mjini vyaweza kuwa soko lake.

Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yafaa tutazame upande wa pili.

Uholanzi ilianza kuyavumilia maduka ya namna hii baada ya kubadili sheria yake mwaka 1976. Masharti ni makali: mteja asiuziwe zaidi ya gramu 5 kwa siku, aliye chini ya miaka 18 asiingie, pombe isiuzwe, matangazo yasitolewe, na duka lisiweke akiba ya zaidi ya gramu 500. Lakini kwa miaka mingi serikali iliruhusu bangi itoke kwa mlango wa mbele bila ya kuruhusu iingie kwa mlango wa nyuma. Kuuza kulivumiliwa, kulima na kuwapelekea wenye maduka kukabaki kosa. Kwa hiyo wenye maduka walilazimika kununua kwa magenge, na magenge yakatajirika. Ni juzi tu, kwa majaribio yaliyoanza Desemba 2023 na kuingia hatua kamili Aprili 2025 katika miji kumi, ndipo maduka ya huko yalipoanza kuletewa bangi iliyolimwa kwa idhini ya serikali. Anayetaka kufungua vilabu bila ya kumhalalisha mkulima, basi, anawajengea majambazi nyumba.

Huko Marekani, jimbo la Nevada liliruhusu bangi kwa kura ya wananchi mwaka 2016, na mwaka 2021 likapitisha sheria ya kumbi za kuvutia, kwani wageni wa Las Vegas walikuwa wakiuziwa bangi bila ya kuwa na mahali halali pa kuivuta. Katika leseni 20 zilizopangiwa kumbi za kujitegemea, 10 ziliwekwa kwa ajili ya watu walioumizwa na sheria za zamani. Nia ilikuwa njema. Lakini leseni si mtaji, na kutoka kwenye karatasi hadi kufungua mlango wengi walikwama. Ukumbi wa kwanza wenye leseni ya jimbo ulifunguliwa Februari 2024, na mwaka 2025 ukafungwa. Mteja wa ukumbi wa bangi huvuta kidogo akakaa saa nyingi, na pombe hairuhusiwi kuuzwa humo, hivyo mapato ni madogo na gharama ni kubwa. Anayeambiwa kwamba vilabu hivi ni mgodi wa dhahabu na aulize kwanza hesabu za wenzake.

Kisha iko afya. Moshi ni moshi, na mtumishi wa kilabu anauvuta saa zote za kazi yake hata kama hajawahi kugusa bangi maishani. Mwaka 2023 Gavana Gavin Newsom wa California alikataa kutia sahihi mswada wa mikahawa ya bangi kwa sababu hiyo ya kulinda wafanyakazi. Mwaka 2024 akakubali mswada mwingine, uliowapa wafanyakazi haki ya kuvaa barakoa kwa gharama ya mwajiri. Twauliza, je, barakoa yatosha? Pia iko barabara. Bangi ya kuvuta hupanda kichwani kwa dakika chache, lakini ya kula yaweza kukawia saa nzima au mbili, na mtu akadhani haijamwingia, akaongeza, kisha akashika usukani. Bangi ya siku hizi, aghalabu, ina nguvu kupita ile ya wazee, na kijana anayeivuta kila siku hujiweka katika hatari ya kuharibikiwa akili.

Lakini hatari kubwa kuliko zote haimo katika moshi. Imo katika historia ya nchi ile ile. Mwaka 1908 ilipitishwa Natal sheria iliyowezesha manispaa ya Durban kuhodhi utengenezaji na uuzaji wa pombe ya Waafrika. Mwafrika alikatazwa kuuza yake, akalazimishwa kunywa ya manispaa katika vilabu vya manispaa, na faida yake ikatumika kugharimia utawala uliomkandamiza. Mpango huo ulisafiri mpaka kwetu Afrika ya Mashariki, hata Pumwani, Nairobi, katika miaka ya 1920. Mwaka 1959 kina mama wa Cato Manor, Durban, waliona polisi wakimwaga pombe yao iliyokuwa riziki ya watoto, huku mishahara ya waume zao ikiishia katika vilabu vya manispaa. Wakavivamia vilabu hivyo kwa fimbo na kuwatoa wanaume. Kina mama wale hawakupigania ulevi wala hawakupigania uchaji. Walitaka kujua fedha ya nyumba zao inakwenda kwa nani.

Swali lao ndilo letu leo. Kama kilabu cha bangi kitakuwa cha kampuni kubwa, kinacholetewa bangi na shamba la kampuni hiyo hiyo, kimejengwa katikati ya vitongoji vya maskini, basi hiyo ni Durban ya 1908 iliyobadili jani. Mkulima wa Mpondoland atabaki na jembe lake, kibarua atabaki na deni lake, na askari atabaki na kazi yake ya kumkamata anayeuza bila leseni.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Vilabu viruhusiwe, lakini kwa masharti. Viwe vya ushirika wa wanachama, visiwe vya mabwana wa mtaji. Vinunue kwa wakulima wadogo waliosajiliwa. Visikae karibu na shule wala visiuze pombe. Wavutaji wavutie mahali pa wazi penye hewa, mbali na wafanyakazi. Kodi yake irudi katika zahanati za mitaa ile ile. Na waliofungwa zamani kwa mmea huu wafutiwe makosa yao kwanza, kabla tajiri hajapewa leseni ya kuuza kile walichofungiwa.

Hapa kwetu, Tanzania na Kenya, bangi ni marufuku, na gazeti hili halimwambii mtu avunje sheria. Lakini upepo huu unavuma barani, na siku moja utabisha hodi. Siku hiyo watakuja watu wenye mikoba mizuri kutuambia habari za mapato. Na tuwe tayari kuwauliza: shamba la nani, kilabu cha nani, na mapafu ya nani?