Jina baya ni jeraha: tumkinge mtoto na ndimi zetu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyewaumba wanadamu kwa rangi na maumbile mbalimbali. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika miji na vijiji vya Handeni na Korogwe, kama ilivyo kwingineko nchini, mtoto mwenye ualbino huanza kusikia maneno juu ya rangi yake kabla hajajua kuandika jina lake. Sokoni huitwa "zeruzeru", stendi huitwa "mzungu", na walio wajinga zaidi humwita "dili". Wasemao hujitetea kuwa wanatania. Ni kweli kwamba utani ni sehemu ya maisha yetu: babu hutaniana na mjukuu, na makabila hutaniana hata msibani. Lakini utani una sharti lake, nalo ni kwamba anayetaniwa aweze kujibu, kisha wote wacheke. Mtoto wa miaka mitano aliyezungukwa na watu wazima hana jibu. Hapo utani umekwisha, imebaki dhihaka. Na dhihaka, pamoja na kuitana majina mabaya, imekatazwa waziwazi katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11.

Wala neno "dili" lisichukuliwe kwa wepesi. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi yetu miaka ya 2000, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, yalitokana na uongo wa waganga kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwaka 2024 mtoto asiyetimiza miaka mitatu alichukuliwa nyumbani kwao wilayani Muleba, Kagera, akauawa. Anayemwita mtoto kwa jina la bidhaa, hata kama anacheka, anaulisha uongo ule ule uliomuua mwenzake.

Maneno hayo humfika mama pia. Huulizwa rangi hiyo imetoka wapi, na wako walioachwa kwa sababu ya swali hilo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba bedui mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akiwa na shaka, kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume alimuuliza juu ya ngamia wake na rangi zao. Bedui akasema ni wekundu, ila wamo wenye rangi ya kijivu. Alipoulizwa hao wameitoa wapi rangi hiyo, alijibu kwamba huenda ni asili ya zamani iliyowavuta. Mtume akamwambia kuwa huenda mwanawe naye amevutwa na asili kama hiyo.

Elimu ya leo yatufafanulia jambo hilo kwa upande wa ualbino. Mtoto huzaliwa nao anaporithi chembe yake kwa baba na kwa mama pia, ingawa wazazi wote wawili wanaweza kuwa na ngozi nyeusi kabisa. Wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba, wana uwezekano wa mara moja kati ya nne kumpata mtoto mwenye ualbino. Basi baba anayemnyooshea mkewe kidole amesahau fungu lake mwenyewe.

Mzazi afanye nini? Kwanza, amweleze mtoto ukweli kabla mtaa haujamweleza uongo: kwamba ngozi yake ina upungufu wa rangi inayokinga jua, kwamba si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana. Asimwite malaika pia. Mtoto huyu hataki kuwa kiumbe cha ajabu, anataka kucheza na wenzake.

Pili, anaporudi analia, asiambiwe tu "wapuuze". Aulizwe limesemwa nini, na nani, asikilizwe mpaka amalize. Mtoto anayeambiwa anyamaze leo, kesho atanyamazia hata jambo la hatari.

Tatu, afundishwe jibu fupi lisilo na matusi: "Mimi nina jina langu, niite kwa jina langu." Alifanyie mazoezi nyumbani pamoja na kaka na dada zake, ili nao wajue kusimama upande wake. Akiitwa na mtu mzima asiyemjua, asijibizane naye, bali akimbilie kwa aliye naye.

Nne, asifichwe ndani. Avae kofia pana na mikono mirefu, maana jua letu la Handeni halina huruma. Mafuta ya kukinga jua yaulizwe hospitali. KCMC pale Moshi ilianzisha utengenezaji wake kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mwalimu wa shule na ustadhi wa madrasa waombwe wamkalishe mbele, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali, na wakemee majina mabaya siku ya kwanza yanaposikika.

Tano, aonyeshwe waliomtangulia. Salum Khalfani Barwany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kuwa mbunge mwaka 2010, na Dkt. Abdallah Possi aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015. Wote wana ualbino.

Lakini kazi kubwa si ya mtoto anayetukanwa. Mtoto wako anayemcheka mwenzake amejifunza wapi, kama si barazani pako? Masahaba walipocheka wembamba wa miguu ya Ibn Mas'ud (R.A.), Mtume (S.A.W.) hakumwambia yeye avumilie. Aliwageukia waliocheka, akawajulisha kuwa miguu hiyo katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Nasi tuanzie hapo: tuwageukie wanaocheka.

Mwenyezi Mungu azisafishe ndimi zetu na awahifadhi watoto wetu wote. Amin.