Fomu ya nje inataka ‘routing number’, mtu wa Kariakoo ajaze nini?

Dar es Salaam. Ndugu yuko Marekani au Canada, anataka kutuma pesa ya mzigo Kariakoo. Anafungua programu ya benki yake kwenye simu, fomu inamuuliza ‘routing number’ au ‘transit number’. Anauliza WhatsApp, na huku hakuna anayeijua. Hapo wengi hubahatisha, na pesa ikigonga mwamba huweza kukaa siku kadhaa njiani, kisha ikarudi ikiwa imekatwa makato.

Namba hizo si za huku. ‘Routing number’ ni ya benki za Marekani, ina tarakimu 9. ‘Transit number’ ni ya Canada, tarakimu 5 za tawi zinazoambatana na 3 za benki. Uingereza wana ‘sort code’ ya tarakimu 6, na Ulaya wanatumia IBAN, ambayo Tanzania haina. Fomu ikikomalia mojawapo, mara nyingi mtumaji amechagua kutuma ndani ya nchi yake. Arudi nyuma, achague Tanzania.

Kinachohitajika ni jina la mwenye akaunti kama lilivyo benki, namba ya akaunti, na msimbo wa SWIFT. Msimbo huo una herufi 8 au 11: nne za benki, mbili za nchi, mbili za mahali, na tatu za mwisho, zikiwepo, ni za tawi. Wa CRDB ni CORUTZTZ, wa NMB ni NMIBTZTZ. Hiyo CORU huwashtua watu, wakidhani wamekosea benki. Imetoka kwenye jina refu la zamani, lile la ushirika na maendeleo vijijini.

Namba ya akaunti ipo kwenye programu ya benki na kwenye taarifa ya akaunti. Asiyeiona aende tawini, pale Posta matawi hayako mbali, akiwa na kitambulisho.

Kosa baya zaidi ni kusoma tarakimu 16 za kwenye kadi na kuzituma. Hiyo ni namba ya kadi, sio ya akaunti. Mtu mwenye namba ya akaunti na SWIFT anaweza kukuwekea pesa, basi. Mwenye namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu 3 za nyuma anaweza kununua vitu mtandaoni kwa pesa yako.

Wenye akaunti ya dola nao waangalie. Ina namba yake, tofauti na ya shilingi. Dola zikiingia kwenye akaunti ya shilingi, benki inazibadilisha kwa bei yake, na kwa mzigo mkubwa hiyo sio hela ndogo.

Kwa wanaoagiza China, hatari iko upande wa pili: barua pepe inayosema muuzaji kabadilisha akaunti, lipa kwenye hii mpya. Ni ndugu yake ile meseji ya “ile hela tuma kwenye namba hii”, ila hii imevaa suti. Ukituma kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Ukituma nje kwa SWIFT, usitegemee hilo, pesa inaweza kufuata namba hata jina likiwa la mtu mwingine. Kabla ya kulipa, mpigie muuzaji kwa namba yake ya zamani, sio ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.